Programu-jalizi za Python katika ParaView: kasoro hukaa wapi, na husakwa vipi

Modeli ya mafuriko ya bonde la Mto Msimbazi, kama modeli nyingine yoyote ya maji, haimpi mtafiti picha. Humpa mafaili yaliyojaa namba: kina cha maji katika kila kipande cha ardhi kuanzia miteremko ya Pugu hadi Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kasi ya maji kuelekea mashariki, kasi yake kuelekea kaskazini, na yote hayo yakirudiwa kwa kila hatua ya muda. Kuzigeuza namba hizo kuwa taswira inayoweza kuzungushwa, kukatwa na kupimwa ni kazi ya programu za taswira za kisayansi, na miongoni mwake ParaView inawafaa sana wanafunzi na wahandisi wa Dar es Salaam, kwa kuwa ni programu huria isiyodai leseni ya kulipia. Mradi wake ulianza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa kampuni ya Kitware na maabara ya taifa ya Los Alamos ya Marekani, na toleo la kwanza kwa umma lilitoka Oktoba 2002. Chini yake ipo VTK, maktaba ya taswira iliyoanza mwaka 1993, ambayo ndiyo hufanya hesabu zote tunazoziona kwenye skrini.

Hata hivyo, hakuna programu inayoweza kulijua umbo la kila faili duniani wala kila hesabu ambayo mtafiti ataihitaji. Ndiyo maana ParaView huruhusu mtumiaji aiongezee uwezo. Kwa hesabu ndogo ya mara moja kipo kichujio (sehemu inayopokea data na kuitoa ikiwa imefanyiwa kazi) kiitwacho Programmable Filter, ambacho humpa mtu kisanduku cha kuandikia mistari michache ya lugha ya Python. Kwa kazi itakayotumiwa tena na tena, na hasa na watu wengine, hufaa kuandika programu-jalizi kamili: faili moja la Python ambalo likishapakiwa huongeza kisomaji cha mafaili au kichujio kipya kwenye menyu, chenye vitufe na visanduku vyake. Zamani kazi hii kwa kawaida ililazimu kuandika kwa lugha ya C++ na kuijenga upya pamoja na msimbo wa ParaView wenyewe, jambo lililowakatisha tamaa wengi. Tangu toleo la 5.6, lililotoka mwaka 2018, faili la Python lenye mistari michache inayoanza na alama ya @ juu ya klasi na juu ya fanksheni zinazopokea thamani kutoka kwenye kiolesura linatosha.

Wepesi huo ndio unaowachanganya watu. Aliyejifunza Python kwa kuandika skripti za kawaida amezoea skripti inayoanza juu na kumalizika chini, huku yeye mwenyewe akiamua kila hatua. Programu-jalizi haiendi hivyo. Hapa mwandishi huandika fanksheni tu, na ParaView ndiyo huamua ni ipi itaitwa, lini, mara ngapi, kwenye kompyuta ipi na kwa data ya nani. Kwa maoni yangu kasoro nyingi zinazowasumbua waandishi wa programu-jalizi hazimo ndani ya hesabu zao, bali zimo katika makubaliano haya kati ya skripti na programu inayoiendesha. Anayeyafahamu makubaliano hayo hujua pa kutazama mambo yanapoharibika. Asiyeyafahamu hubadilisha mstari mmoja baada ya mwingine kwa kubahatisha.

Kikwazo cha kwanza huja kabla ya hesabu yoyote. ParaView iliyopakuliwa kutoka kwenye tovuti yake huja na Python yake yenyewe na NumPy (maktaba ya Python ya kuhesabia safu za namba) yake yenyewe, na haina habari na Python nyingine iliyomo kwenye kompyuta. Kifurushi cha kusomea mafaili ya NetCDF, aina ya mafaili ya data za kisayansi, kilichowekwa kwa amri ya pip kwenye mfumo hakitaonekana ndani ya ParaView, na kukilazimisha kionekane kwa kuongeza njia ya folda kunaweza kuleta balaa kubwa zaidi ikiwa kifurushi kina sehemu zilizojengwa kwa toleo tofauti la Python. Njia ya hakika ni kufungua pvpython, yaani Python ileile ya ParaView isiyo na madirisha, kisha kuingiza pale kila moduli ambayo programu-jalizi inaihitaji na kuchapisha sys.path (orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli) pamoja na namba ya toleo. Moduli isiyoingia pale haitaingia kwenye ParaView pia. Programu-jalizi inapokataa kupakiwa bila maelezo ya kutosha, kuweka kigezo cha mazingira PARAVIEW_LOG_PLUGIN_VERBOSITY kuwa INFO (katika matoleo ya zamani kilikuwa PV_PLUGIN_DEBUG) kabla ya kuanzisha ParaView huifanya programu ieleze kwa kirefu inatafuta nini na imekwama wapi.

Kikwazo cha pili katika hatua hii ni kwamba Python, ikishaingiza moduli, huihifadhi kwenye kumbukumbu na hairudi kulisoma faili lake. Mtu hurekebisha kosa, huhifadhi faili, hubonyeza kitufe cha Apply, na kosa linabaki vilevile kwa sababu kinachoendeshwa ni msimbo wa zamani. Zipo njia za kuisoma moduli upya, lakini vitu vilivyokwisha kuundwa kwenye kikao hubaki vimeshika klasi ya zamani. Wakati wa kusaka kasoro, kufunga ParaView na kuifungua tena ndiyo njia inayoaminika. Tena ni vizuri faili la programu-jalizi lichapishe namba ndogo ya toleo lake linapopakiwa, ili shaka hiyo iondoke mapema.

Tukishavuka hapo tunafika kwenye moyo wa jambo lenyewe, yaani mkondo wa data wa VTK. Mkondo huu hufanya kazi kwa kudaiwa. Mgahawa unaopika kwa oda hauweki sufuria jikoni mpaka mteja aagize, na mhudumu lazima kwanza aseme kuna nini siku hiyo. Ndivyo ilivyo hapa. Kwanza huitwa RequestInformation, ambapo programu-jalizi hutangaza ilicho nacho bila kukitayarisha: gridi ina mipaka gani, data ina hatua zipi za muda. Kisha huitwa RequestUpdateExtent, ambapo kila kichujio huieleza sehemu inayokitangulia kwamba kinahitaji kipande gani. Mwisho huitwa RequestData, na hapo tu ndipo namba husomwa na hesabu hufanyika. Kinachotangazwa katika hatua ya kwanza huaminiwa na sehemu zote zinazofuata, kwa hiyo tangazo likikosekana au likiwa la uongo, hitilafu hutokea mbali na pale kosa lilipo.

Chukua kisomaji cha matokeo ya mafuriko chenye gridi ya nukta 400 kwa 300. Mwandishi akisahau kutangaza mipaka ya gridi hiyo katika RequestInformation na kuiweka katika RequestData peke yake, msimbo wake unaweza kuonekana sahihi kwa kila anayeusoma, lakini sehemu za mbele hazitajua gridi ina ukubwa gani, na dirisha linaweza kubaki tupu au kujaa malalamiko yanayotaja klasi ambazo mwandishi hakuziandika. Muda nao uko hivyohivyo. Hatua za muda zisipotangazwa mapema, vitufe vya kuendesha mwendo wa picha havitakuwa na hatua za kupitia. Zikitangazwa, lakini RequestData isiulize ni hatua ipi iliyoombwa, mwendo utacheza vizuri kabisa huku maji ya saa ya kwanza yakionyeshwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro hii haitoi ujumbe wowote, na mtazamaji asiyeijua modeli anaweza kuondoka akiamini kwamba mafuriko yalitulia mahali pamoja.

Sehemu ya makubaliano haya inayosahauliwa zaidi ni tangazo la mabadiliko. Mkondo huweka kumbukumbu ya wakati kila sehemu ilipobadilika mara ya mwisho, na hauiendeshi tena sehemu isiyobadilika. Kwa hiyo kila fanksheni inayopokea thamani kutoka kwenye kiolesura, kwa mfano kina cha chini cha maji cha kuonyeshwa, ni lazima iite self.Modified() baada ya kuihifadhi thamani hiyo. Isipoita, mtumiaji atabadilisha namba, atabonyeza Apply, na hakuna kitakachotokea. Kinyume chake kina madhara pia: fanksheni hiyo ikiita self.Modified() hata pale thamani haikubadilika, sehemu hujitangaza kuwa imebadilika bila sababu, na ParaView huirudia kazi ileile bure. Anayelalamika kwamba programu-jalizi yake ni nzito mno atazame hapo kabla ya kuilaumu kompyuta.

RequestData inaweza kuitwa mara nyingi, na hilo linatuleta kwenye kosa ambalo NumPy hulirahisisha kupita kiasi. Data inayoingia kwenye kichujio si mali ya kichujio hicho. Ili kuokoa kumbukumbu, VTK huruhusu sehemu kadhaa za mkondo zitumie safu ileile ya namba, na safu ya NumPy inayotolewa kutoka kwenye data ya VTK ni dirisha tu la kuitazama kumbukumbu hiyohiyo. Mwandishi anayetaka kugeuza mita kuwa sentimita akaandika kwamba kina kizidishwe kwa 100 palepale kilipo, kwa alama ya *=, atakuwa ameibadilisha data ya asili iliyo juu ya mkondo. Apply ya kwanza italeta sentimita. Mtumiaji akibadilisha kigezo kingine na kubonyeza tena, namba zitazidishwa kwa 100 kwa mara ya pili, na maji ya mita moja yatasomeka 10,000. Dawa yake ni kutengeneza safu mpya, kuipa jina lake, na kuiacha ya zamani bila kuigusa. Ningependa jambo hili lifundishwe mapema kuliko mambo ya vitufe na rangi.

Sasa niseme juu ya kasoro zinazostahili woga kuliko zote, nazo ni zile zinazotoa picha nzuri isiyo ya kweli. Ya kwanza ni mpangilio wa safu. VTK hupanga namba za gridi kwa kutembea kwanza upande wa x, kisha y, kisha z. NumPy, isipoambiwa vingine, hutembea kwanza kwenye faharasa ya mwisho. Kwa hiyo gridi ambayo VTK huiita nx kwa ny kwa nz inapaswa kuonekana katika NumPy kuwa nz kwa ny kwa nx. Mwandishi aliyepanga safu yake kwa x kwanza na kuinyoosha kuwa mstari mmoja kabla ya kuikabidhi kwa VTK atapata idadi sahihi ya namba, hivyo hakuna kitakacholalamika. Gridi ikiwa ya 400 kwa 300, picha itakuwa na michirizi na mtu atashtuka. Gridi ikiwa ya 400 kwa 400, picha itakuwa safi kabisa, ila kaskazini itakuwa mashariki na mashariki itakuwa kaskazini. Ongeza kwamba mafaili mengi ya picha za ardhi huanza kuhesabu mistari kutoka juu, yaani kaskazini, wakati chimbuko la gridi ya VTK kwa kawaida liko pembe ya chini, na utaona jinsi bonde la Jangwani linavyoweza kugeuzwa bila programu kutoa onyo lolote.

Ya pili inatuhusu sana sisi wa ukanda huu. Ramani za Dar es Salaam kwa kawaida hutumia kanda ya 37 Kusini ya mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita, ambamo ikweta hupewa thamani ya mita 10,000,000 ili maeneo ya kusini yasiwe na namba hasi. Kwa hiyo Jangwani ipo karibu na mita 9,247,000 kuelekea kaskazini. Nukta za VTK, mwandishi asipoagiza vinginevyo, huhifadhiwa kwa namba za desimali za biti 32, ambazo kuanzia 8,388,608 hadi 16,777,216 haziwezi kutenganisha thamani zilizokaribiana kuliko 1. Maana yake ni kwamba kila nukta ya Dar es Salaam iliyohifadhiwa hivyo husogezwa hadi kwenye mita kamili iliyo karibu. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, umechora mitaro na majengo ya jiji hili na kutumia picha za droni zinazoonyesha vitu vidogo kuliko mita. Mtaro wenye upana wa nusu mita, ukipitishwa kwenye nukta za biti 32, kingo zake mbili zinaweza kuangukia kwenye mstari mmoja. Suluhisho ni kuagiza nukta za biti 64, au kutoa thamani ya mahali pa rejea kutoka kwenye kila nukta na kuiandika thamani hiyo mahali panapoonekana. Gridi za mraba za vtkImageData huponea hapa, kwa sababu chimbuko na nafasi zake huhifadhiwa kwa biti 64. Na kabla ya kuilaumu programu-jalizi kwa mtaro uliokaa mbali na nyumba zake, hakikisha ramani zote zinatumia datumu moja, yaani rejea moja ya umbo la dunia, kwani ramani za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa Arc 1960, na tofauti yake na WGS 84 hapa ni mita zipatazo 300.

Kuhusu nukta na seli nitasema kwa ufupi. Gridi ya nukta 400 kwa 300 ina nukta 120,000 lakini seli (vipande vinavyozungukwa na nukta) 119,301, na modeli nyingi za mafuriko hutoa kina kwa kila seli. Safu ikiwekwa upande usio wake, VTK kwa kawaida hulalamika kwamba urefu wake haulingani, kwa hiyo kosa hili hujitangaza lenyewe.

Kasoro za kimya hazikamatwi kwa kuusoma msimbo tu. Zinahitaji data ambayo majibu yake yanajulikana. Njia ninayoipendekeza kwa nguvu ni kutengeneza gridi ndogo yenye pande zisizolingana, tuseme nukta 5 kwa 4 kwa 2, na kuipa kila nukta thamani inayotaja mahali pake: faharasa ya x, jumlisha mara 10 ya faharasa ya y, jumlisha mara 100 ya faharasa ya z. Nukta yenye thamani 123 ni lazima iwe ya nne kwa x, ya tatu kwa y na ya pili kwa z, tukihesabu faharasa kuanzia 0. Ukiipitisha gridi hiyo kwenye programu-jalizi na kuzitazama thamani katika jedwali la ParaView, mpangilio uliopinduka, mhimili uliogeuzwa au mstari uliorukwa utajitaja wenyewe kwa namba. Data halisi ya masika haiwezi kukufanyia hivyo, kwa kuwa hakuna anayejua kwa kichwa thamani ya kila nukta yake.

Ili majaribio hayo yawe mepesi, hesabu yenyewe ikae kwenye moduli yake isiyojua chochote kuhusu ParaView, ipokee safu za NumPy na kurudisha safu za NumPy. Faili la programu-jalizi libaki jembamba: lipokee maombi ya mkondo, lifungue data, liite moduli ile, lifunge matokeo. Hapo hesabu inaweza kujaribiwa kwa Python ya kawaida, na kikitokea kitu ndani ya ParaView peke yake, mwandishi anajua tayari kwamba atafute kwenye makubaliano. Ujumbe wa hitilafu wa Python usomwe kuanzia chini, kwani mstari wa mwisho hutaja kosa na ile ya juu yake hutaja njia iliyofuatwa. Usiuzibe kwa try na except isiyotaja aina ya kosa, kwa sababu fanksheni itakayoshindwa kimya na kurudisha 1 itakuwa imeuambia mkondo kwamba kila kitu kiko sawa. Na ParaView ikifunga ghafla bila neno lolote, jambo linalotokea kumbukumbu ya C++ inapoguswa vibaya, moduli ya faulthandler ya Python ikiwashwa mwanzoni mwa faili itaonyesha mstari wa Python uliokuwa ukiendeshwa wakati wa ajali.

Ugumu wa mwisho hujitokeza data inapokuwa kubwa kuliko kompyuta ya mezani. ParaView huweza kugawanyika: dirisha likabaki kwa mtumiaji, na hesabu zikafanyika kwenye seva kupitia pvserver. Programu-jalizi ni lazima ipakiwe pande zote mbili, mafaili ya data ni lazima yawepo upande wa seva, na maneno yanayochapishwa na RequestData huonekana kwenye skrini ya seva, kwa hiyo anayeyasubiri kwenye dirisha lake anaweza kudhani kwamba msimbo haukuendeshwa. Seva ikiendeshwa kwa michakato kadhaa, kila mchakato hushika kipande chake cha bonde na kuendesha RequestData yake. Kina kikubwa kilichotafutwa kwa fanksheni ya kawaida ya NumPy kitakuwa kikubwa cha kipande kimoja tu. Fanksheni za moduli ya algorithms iliyo ndani ya vtk.numpy_interface ndizo zinazouliza michakato yote kabla ya kujibu. Zipo pia seli za mpakani zinazonakiliwa kwenye vipande jirani ili hesabu za mteremko ziwe sahihi, zikiwekewa alama katika safu ya vtkGhostType, na anayejumlisha ujazo wa maji bila kuziondoa huyahesabu maji hayo zaidi ya mara moja. Jaribio linalofaa hapa ni kujumlisha ujazo wote wa maji kwa mchakato 1, kisha kwa 2, kisha kwa 4, ukitumia data ileile. Jumla zikitofautiana kupita kile kinachoweza kuelezwa na makadirio ya desimali, anza kwa kuzitazama seli za mipaka ya vipande.